Upinzani na Uhasama: Hoja juu ya Tafsiri ya Neno Moja

Katika lugha ya Kiingereza lipo neno adimu, "oppugnancy", ambalo wengi wa wenye lugha hiyo huishi na kufa bila ya kulitamka. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hukutana nalo, akikutana nalo, katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Troilus and Cressida, iliyotungwa yapata mwaka 1602, ndani ya hotuba ndefu ya Ulysses juu ya daraja na utaratibu. Afikapo hapo hufungua kamusi. Kamusi humwambia ya kuwa neno hilo maana yake ni "opposition". Naye, bila ya kusita, huandika pembeni mwa ukurasa: upinzani. Mwalimu huipitia tafsiri hiyo, huitia alama ya ndiyo, na darasa huendelea mbele.

Tafsiri hiyo ni kosa. Tena si kosa la aina ile isiyomdhuru mtu, kama kumwita njiwa tetere. Hutoka darasani likaingia magazetini, hutoka magazetini likapanda majukwaani, na likisha kupanda huko watu huumia kwa ajili yake. Upinzani ni jambo moja, na lile linalotajwa na neno hilo la Kiingereza ni jambo jingine. Kiswahili hakikupata kuyachanganya mawili hayo mpaka wenye haja ya kuyachanganya walipojitokeza. Na ushahidi wa tofauti yake hauhitaji kutafutwa ng'ambo ya bahari. Uko Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria, wazi kwa kila mwenye macho.

Lichunguzwe kwanza neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini, oppugnare, yaani kushambulia. Na ndani ya kitenzi hicho limo pugna, pigano, ambalo ni nduguye pugnus, ngumi. Mwenye "oppugnancy", basi, ni mtu aliyekunja ngumi. Pengine hana hoja. Au kama anayo ameiweka chini ili mkono upate nafasi. Neno "opposition" lina asili mbali na hiyo. Latoka katika opponere, kuweka kitu mkabala na kitu kingine. Wataalamu wa elimu ya nyota hulitumia hata leo kwa maana hiyo: sayari husemwa imo katika hali hiyo inapokuwa upande mmoja wa dunia na jua likawa upande wa pili, vikielekeana. Mwezi mpevu nao huwa katika hali hiyo hiyo, na ndiyo sababu uso wake wote hung'aa. Hakuna aliyepata kusema ya kuwa mwezi ni adui wa jua.

Waingereza, kwa hiyo, wana maneno mawili: moja la mahali pa kusimama, na moja la ngumi. Kamusi yao inapolieleza la pili kwa kutumia la kwanza hufanya hivyo kwa ufinyu wa nafasi, kama kamusi zote. Wala wao wenyewe hawakuikubali tofauti hiyo kwa siku moja. Ilipofika mwaka 1826 mbunge John Cam Hobhouse alitamka katika Bunge la London ya kuwa upinzani nao ni wa Mfalme, kama serikali ilivyo ya Mfalme; na alipotamka hivyo alikuwa akifanya mzaha. Mzaha huo ukaja kuwa desturi ya utawala, na desturi ikapata cheo na mshahara. Taifa lililochukua muda mrefu kiasi hicho kujifunza ya kuwa asemaye hapana si lazima awe mhaini halina haki ya kuwacheka wengine wanaojifunza. Lakini wengine nao hawana haki ya kujifanya wajinga wa jambo ambalo lugha yao ililijua zamani.

Hapa ndipo anapotakiwa kujibiwa mtu wa pili, ambaye ni hatari kuliko mwanafunzi mwenye haraka. Huyu ni msomi. Husema, na husikilizwa akisema, ya kuwa lugha za Kiafrika hazina neno la mpinzani. Ya kuwa Mwafrika anaposikia habari ya mtu asiyekubaliana naye, neno pekee limjialo kinywani ni adui. Na kwa hiyo siasa ya vyama vingi ni vazi lililokatwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Maneno haya yamesemwa na wageni waliotaka kuwadharau Waafrika, na yamesemwa na watawala Waafrika waliotaka kupumzika na maswali. Ni ajabu ya maneno ya namna hii kwamba hupendwa na pande mbili zisizopendana. Kuhusu Kiswahili si kweli hata kidogo, na kila mwenye lugha aweza kuyapima mwenyewe.

Kitenzi "pinga" asili yake ni kukingamisha kitu, kukilaza kikakata njia. Mlango hutiwa kipingo. Mti ulioanguka hupinga njia. Kutoka hapo lugha ikapata pingamizi, na kutoka hapo ikapata mpinzani na upinzani. Mtu aweza kusema ya kuwa hata pingu za askari zatoka katika shina hilo. Na iwe hivyo. Lakini pingu huzuia, hazipigi. Katika ukoo mzima wa neno hili hamna hata mtoto mmoja mwenye ngumi. Lililomo ni kusimama mahali ambapo mwingine alitaka kupita, na kumlazimisha asimame kidogo, atazame, aeleze aendako.

Ndivyo neno hilo linavyotumika mpaka sasa katika mambo yaliyo mazito kuliko siasa. Watu wawili wanapotaka kuoana, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka itolewe taarifa siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi alilete. Kanisani nako tangazo husomwa, na waumini wote huambiwa ajuaye kizuizi aseme. Je, yule atakayesimama akasema ya kuwa bwana arusi ana mke mwingine Sengerema ambaye hakumtaja, ni adui wa bibi arusi? Yamkini ndiye rafiki pekee aliye naye katika jumba lile. Mahakamani wakili huweka pingamizi la awali, hakimu hulisikiliza, na jioni mawakili wote wawili huonekana wakinywa chai pamoja. Shuleni, katika mdahalo, wanafunzi hugawanywa: hawa upande wa kuunga mkono hoja, hawa upande wa kupinga, na mara nyingi mtoto aliyewekwa upande wa kupinga hakubaliani na maneno anayoyasema, lakini huyasema kwa bidii kwa kuwa ajua hoja isiyopingwa haijajaribiwa. Neno ni lile lile. Wala hakuna aliyepata kumpeleka mtoto huyo polisi.

Kitenzi cha pili ni "bisha", nacho ni hazina. Mtu afikaye nyumbani kwa mwenziwe hubisha hodi. Mtu asiyekubali neno aliloambiwa hubisha. Na chombo kiendacho kinyume cha upepo kwa kukata upande huu na upande huu hubisha vile vile. Mabaharia wa pwani husema wanapiga bisho, na upepo wenyewe huuita wa mbisho. Wapo wataalamu wenye kuyatenga haya kuwa ni maneno tofauti yaliyokutana kwa sauti tu. Huenda wana haki. Lakini masikio ya wasemaji huyasikia pamoja, na yakisikiwa pamoja hufundisha. Abishaye hodi ataka kuingia. Angekuwa na nia ya kubomoa asingebisha. Na nahodha abishaye upepo hauchukii upepo huo, maana bila ya huo chombo chake hakiendi. Mvuvi wa Ukerewe mwenye tanga ajua ya kuwa siku isiyo na upepo kabisa ni mbaya kuliko siku ya upepo wa mbisho. Siku ya mbisho huchelewa kufika. Siku ya shwari hafiki, ila ashike kasia.

Halafu kuna "kinza", na ukinzani wake, ambao wataalamu wa fizikia wameuchukua kwa ajili ya nguvu ya waya inayouzuia umeme kupita kwa urahisi. Taa ya zamani yenye uzi ndani yake hutoa nuru kwa sababu uzi ule hukinza. Kuna "shindana", ambamo wawili huelekea lengo moja, wala hawaelekeani wao kwa wao. Kuna "gombana", ugomvi wa watu wa nyumba moja, ambao methali huonya juu yake: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mwishoni kabisa mwa safu hii ndipo wanapokaa "hasimu" na "adui", maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na ambayo Kiswahili kiliyapa kazi yake maalumu: la kwanza kwa mtu mwenye ugomvi wa kudumu na mwenziwe, la pili kwa amtakiaye mwenziwe maangamizi. Basi lugha yenye maneno yote haya, kila moja na kiti chake, ndiyo isemwayo ya kuwa haina neno la mpinzani!

Kutoka katika maneno, hoja na ihamie katika matendo. Maana mtu aweza kudai ya kuwa maneno ni ya watu wa pwani, na kwamba bara, huko Usukumani, mambo yalikuwa mengine. Yatazamwe mambo matatu ya kando ya ziwa.

La kwanza ni ngoma. Tangu karne ya kumi na tisa Wasukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Bagika na Bagalu, ambavyo kila kimoja chamtaja mwanzilishi wake, Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha vyama hivi hukutana uwanjani, na vyote viwili hucheza kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Watazamaji ndio waamuzi: ambako umati umehamia, huko ndiko kwenye ushindi. Kwa hiyo kila chama hutunga nyimbo mpya, huleta mizaha mipya, hufuga nyoka na kutengeneza vinyago, hutafuta hata dawa za kuwavuta watu, kwa kuwa chajua ya kuwa hatua chache tu kutoka pale wapo wenzao wafanyao vivyo hivyo. Desturi hii yaonekana hata leo katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni, huko Bujora, Kisesa, si mbali na mji wa Mwanza, mahali ambapo Padre David Clement kutoka Kanada alijenga kituo cha kuhifadhi utamaduni wa Wasukuma. Bagika wakiondoka uwanjani, Bagalu watabaki wakichezea nani? Umati utaketi, utapiga miayo, utakwenda zake. Wasukuma walilifahamu jambo hili muda mrefu kabla ya kusikia habari ya Bunge.

La pili ni mizani. Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, baada ya Vita Vikuu vya Pili, walikuwa wakiuza pamba yao kwa wanunuzi ambao mizani ilikuwa mikononi mwao peke yao. Mkulima alileta mzigo, mnunuzi akautaja uzito, na mkulima akapokea fedha na manung'uniko. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki vipimo vya mnunuzi. Hawakuichoma ghala wala hawakumpiga mtu. Walisema tu: wewe umepima, na sisi tunapima. Kutokana na juhudi za namna hiyo, zilizoongozwa na Paul Bomani na wenzake, kikazaliwa mwaka 1955 Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, kilichokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Hiyo ndiyo picha kamili ya upinzani: mpimaji wa pili. Na kwa wale wadhanio ya kuwa mpimaji wa pili ahitajiwa tu pale mnunuzi awapo mgeni, yafaa kukumbusha yaliyofuata. Ushirika ulipokwisha kuwa mnunuzi pekee, wakulima walianza kuunung'unikia wenyewe, na mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza mwendo wa vyama vya ushirika nchini. Mizani haiulizi kabila la mwenye kuishika. Ikiwa moja tu, huelekea kwake.

La tatu ni TANU. Chama hiki kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na kabla mwaka ule haujaisha serikali ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kukikataza kufanya kazi zake Usukumani. Katazo hilo lilidumu mpaka mwaka 1958. Sababu iliyotolewa yafahamika kwa kila msomaji wa historia, kwa kuwa ndiyo inayotolewa kila mahali: amani ilindwe, wachochezi wazuiwe. Mwaka ule ule wa 1958 watu wa Geita waliokataa baraza la mchanganyiko wa rangi, ambalo hawakuulizwa kama walilitaka, walikwenda Mwanza kutoa malalamiko yao, na polisi wakawatawanya kwa moshi wa machozi. Walikuwa wapinzani kwa maana safi kabisa ya neno: palikuwa na jambo, nao wakasimama mbele yake. Serikali iliona maadui. Leo hakuna hata mmoja asemaye ya kuwa serikali ile iliona sawasawa. Vitabu vya shule vyawasifu watu wa Geita. Basi na aulizwe kila mwenye kuwasifu: je, aliwasifu kwa sababu walikuwa na haki ya kusimama, au kwa sababu tu waliokuwa mbele yao walikuwa Wazungu?

Swali hilo ni gumu, kwa kuwa waliorithi serikali walirithi na miwani yake. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila ya hukumu ilipitishwa mwaka 1962, kabla uhuru haujatimiza miaka miwili. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu cha kutetea mfumo wa chama kimoja, na katiba ya mwaka 1965 ikauthibitisha. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu, wala yeye hakuwa mtu wa kudharauliwa katika mambo ya lugha. Ndiye aliyemfasiri Julius Caesar mwaka 1963 na kutoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alipenda kuwakumbusha watu habari ya wazee waliokaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakaafikiana. Wanafunzi wake wameikariri picha hiyo hata wameipaka dhahabu, na wamesahau kuitazama. Ikiwa wazee walizungumza mpaka wakaafikiana, ni dhahiri ya kuwa walipoanza kuzungumza hawakuwa wameafikiana. Alikuwapo mzee mmoja, au wawili, waliosema hapana saa ya asubuhi, wakasema hapana saa ya mchana, na kwa ajili yao baraza likaendelea mpaka jua likatua. Pasipo wao shauri lingekwisha kabla ya umande kukauka, na pengine lingekwisha vibaya. Mti ule ulikuwa mti wa wapinzani. Maafikiano yalikuwa tunda lake.

Mwalimu mwenyewe, na hili lasemwa kwa heshima yake, hakuuacha mfumo ule bila ya dirisha. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU walisimama katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwenziwe kwa alama ya nyumba, na mawaziri wawili walishindwa. Wananchi walipewa nafasi ndogo ya kupinga, wakaitumia. Na ilipofika mwaka 1990 ni yeye aliyesema hadharani ya kuwa habari ya vyama vingi isiwe mwiko. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta takriban watu 8 katika kila 10 wakipendelea chama kimoja kiendelee. Hata hivyo ikapendekeza vyama vingi, na tarehe 1 Julai 1992 sheria ikaanza kutumika. Msomaji na alitafakari jambo hilo. Wachache wawili katika kumi walisikilizwa, na nchi haikuanguka. Huko ndiko kuheshimu upinzani kulikotimia mara moja kwa ukamilifu, kabla hata chama kimoja cha upinzani hakijaandikishwa.

Yaliyofuata yafahamika. Mwanza wapiga kura wamejua kubisha kama mabaharia: mwaka 2010 majimbo ya mjini, Nyamagana na Ilemela, yaliwapeleka Bungeni wagombea wa CHADEMA, mwaka 2015 wapiga kura wa majimbo hayo hayo wakawarudisha wa CCM. Ziwa halikukauka mara ya kwanza wala ya pili. Lakini lugha ya majukwaani ilikuwa ikienda njia nyingine. Neno mpinzani lilianza kutajwa jirani na neno msaliti, kisha jirani na kibaraka. Na maneno, kama watu, huambukizana tabia kwa ujirani. Mwezi wa Aprili 2025 mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu, alishtakiwa kwa uhaini. Uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika bila ya chama chake, na siku hiyo machafuko yalizuka katika miji kadhaa, Mwanza ukiwa mmojawapo, na watu wakafa. Kazi ya kuhukumu mashtaka ni ya mahakama, na makala ya lugha hayana mamlaka hayo. Lakini makala ya lugha yana haki ya kusema hili: nchi ambayo neno upinzani na neno uhaini yamekaribiana hata mtoto hawezi kuyatenga, nchi hiyo imekwisha kupata hasara kabla ya hakimu yeyote kufungua kinywa.

Zipo hoja mbili zinazostahili jibu.

Ya kwanza husema ya kuwa neno ni la watumiaji; ikiwa watu wa leo wamesema mpinzani wakikusudia adui, basi ndiyo maana yake, na mwanazuoni ni karani tu wa kuandika. Kanuni hiyo ni kweli, lakini hapa yatumiwa kwa ujanja. Watumiaji ni akina nani? Karani wa ndoa, wakili, mwalimu wa mdahalo, wote hutumia maneno ya shina hili kwa maana yake ya asili kila siku. Hata waandishi wa michezo, ambao hulaumiwa kwa kuharibu lugha, huziita Simba na Yanga watani wa jadi, na kwa tamko hilo wameonyesha akili kuliko wengi wa wanasiasa: utani ni ushindani wenye mipaka, ambao siku ya msiba hugeuka msaada. Maana iliyopotoka yatoka mahali pamoja tu, nayo ni jukwaa la mwenye madaraka na la mwenye kuyataka. Sauti ya kipaza sauti ni kubwa, lakini ukubwa wa sauti si wingi wa watumiaji.

Ya pili ni nzito zaidi. Husema ya kuwa wapinzani wenyewe mara nyingine hutupa mawe, hutukana, huchoma. Ni kweli, na haifai kufichwa. Jibu ni kwamba atupaye jiwe ameuacha upinzani wakati ule jiwe lilipotoka mkononi. Ameingia katika uhasama, na aitwe kwa jina hilo. Vivyo hivyo mwenye dola akimpiga aliyeleta pingamizi kwa maneno ameacha kutawala, ameingia katika uhasama, na yeye pia aitwe kwa jina hilo. Faida ya kuyatenga maneno ndiyo hii: humwezesha raia kumhukumu kila mmoja kwa tendo lake. Maneno yakichanganywa, atupaye jiwe hujificha nyuma ya jina zuri la mpinzani, na apigaye asiye na jiwe hujificha nyuma ya jina baya la adui. Wawili hao wanasaidiana bila ya kujua.

Sasa hotuba ya Ulysses yaweza kusomwa upya. Anachokiogopa ni hali ambamo daraja na kanuni zimeondoshwa: maji yanapanda juu ya kingo zake, mwenye nguvu anamkandamiza dhaifu, mwana anampiga baba, haki na dhuluma havina wa kuvitenga. Hiyo ndiyo "oppugnancy". Watu wa kando ya ziwa hawahitaji kufasiriwa picha hiyo. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 yakapanda tena, yakaingia majumbani. Lakini na iulizwe: katika mfano huo mpinzani ni nani? Ni ukingo. Ukingo ndio unaosimama mbele ya maji na kuyaambia mpaka hapa. Ziwa ni maji yaliyopingwa. Maji yasiyopingwa huitwa gharika. Mwanafunzi aliyeandika "upinzani" pembeni mwa ukurasa ameipa gharika jina la ukingo.

Wala asisahau msomaji ya kuwa Ulysses asemapo hayo yumo barazani mwa Wagiriki, mbele ya mfalme wake Agamemnon, akieleza kwa nini Troy haijaanguka baada ya miaka saba ya kuzingirwa. Yaani yeye mwenyewe anawaambia wakubwa jambo wasilolipenda. Na punde baadaye, katika tamthilia hiyo hiyo, humpandisha Ajax kuwa mshindani wa Achilles ili kumwamsha Achilles aliyelala hemani kwake. Mhubiri wa daraja ndiye mpanga mashindano. Shakespeare alijua, kama Bagika na Bagalu walivyojua, ya kuwa shujaa asiye na wa kushindana naye hulala.

Basi wafasiri na waitende kazi yao. "Oppugnancy" na ifasiriwe uhasama panapokusudiwa hali ya moyo, na mapambano panapokusudiwa tendo. Ukinzani na ubaki kwa nguvu zisizo na nia. Ubishi na ubaki kwa maneno, ushindani kwa mbio, na uadui kwa amtakiaye mwenziwe maangamizi. Neno upinzani na liachiwe yule mpimaji wa pili, aliyesimama kando ya mizani akasema na yeye anapima. Walimu na walisahihishe darasani, kwa wino mwekundu, kila liandikwapo kinyume cha hivyo. Wahariri na walifute. Kazi hiyo yaonekana ndogo, na watakaoicheka watakuwapo. Lakini mkulima wa pamba ajua thamani ya kipimo kidogo kilichosahihishwa. Ajua pia hasara ya msimu mzima uliopimwa kwa mizani moja.